Barua ya wazi: Chai ya kukata tumbo nayo ni suala la presha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Na Msajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Waheshimiwa,

Mimi ni mteknolojia wa dawa katika famasi ya rejareja, Morogoro mjini. Kaunta yetu ina mashine ya presha, na wapo majirani wanaopita kupima hata siku ambayo hawanunui kitu. Swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu vidonge vya presha kama amlodipini au losatani. Mteja anachukua dozi yake ya mwezi, analipa, halafu anafungua mkoba na kutoa kipaketi: "Samahani dada, hii naweza kutumia pamoja na dawa zangu?" Hii ni chai ya kukata tumbo. Au ni kahawa ya kupunguza mwili, au vidonge ndani ya kichupa kisicho na jina la kiwanda, au unga wa detoksi aliouziwa kwenye kundi la WhatsApp la wanakwaya wenzake. Nikikigeuza nitafute kilichomo, nakuta picha ya msichana mwenye kiuno cha nyigu, neno "asilia", na namba ya simu ya muuzaji.

Sina jibu la kumpa. Ndiyo sababu barua hii inakuja kwenu wote wanne kwa pamoja, maana nikimwandikia mmoja naogopa atanielekeza kwa mwenzake, na hatakuwa amekosea.

Mwaka 2019, iliyokuwa TFDA ilipogeuka kuwa TMDA, udhibiti wa chakula na vipodozi ulihamia TBS. Dawa na vifaa tiba vikabaki TMDA. Tiba asili ina Baraza lake, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kwenye karatasi mgawanyo huo unaeleweka kabisa. Sasa kiwekeni mezani hicho kipaketi. Muuzaji akikiita chai, ni chakula. Akisema kinaondoa kitambi na kushusha presha, ni dawa. Akisema ni majani aliyoachiwa na babu, ni tiba asili. Na yeye husema yote matatu katika tangazo moja la sekunde thelathini, huku muziki ukipigwa. Kila ofisi inaweza kumtazama na kuona kwa haki kabisa kwamba anaihusu zaidi ofisi ya jirani.

Mtaniuliza kwa nini ninaliita hili suala la presha wakati linaonekana ni la urembo. Ni kwa sababu uzito haupungui peke yake. Tafiti nyingi zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba kila kilo moja inayotoka hushusha namba ya juu ya presha kwa takriban pointi moja. Mtu wa kilo 95 akifika 87 kwa njia halali, amepata nafuu inayokaribia kazi ya kidonge kimoja. Hapo ni habari njema, na daktari aliyemwambia mgonjwa wake apunguze mwili alisema kweli. Lakini mgonjwa akitoka kliniki na neno hilo moja, "punguza mwili", bila kuambiwa kwa njia gani, njia atakayoikuta kwanza ni ya yule mwenye tangazo. Na kuna vitu vinavyopunguza uzito huku vyenyewe vikipandisha presha.

Mfano mkubwa ni sibutramini. Hii ilikuwa dawa halali, yenye kibali, iliyoandikwa na madaktari Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Inakata hamu ya kula kwa kuiacha kemikali ya noradrenalini ikae muda mrefu zaidi kati ya mishipa ya fahamu. Shida ni kwamba kemikali hiyohiyo hubana mishipa ya damu na kuukimbiza moyo. Utafiti wa watu karibu elfu kumi, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa moyo au kisukari, ulionyesha kwamba waliopewa sibutramini walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na madhara mengine makubwa ya moyo kwa asilimia 11.4, dhidi ya asilimia 10.0 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ulaya ikaisimamisha Januari 2010, na Oktoba mwaka huohuo ikaondolewa sokoni Marekani. Tangu hapo mamlaka ya dawa ya Marekani imeikuta tena na tena ndani ya kahawa, chai na vidonge vya kupunguza mwili vilivyoandikwa kuwa ni mitishamba mitupu. Ilifukuzwa famasi, ikarudi kupitia dirisha la jikoni.

Haikuwa ya kwanza. Fenilpropanolamini, iliyokuwa kwenye vidonge vya kukata njaa na hata vya mafua, Wamarekani walitaka iondolewe mwaka 2000 baada ya kuhusishwa na kuvuja damu kwenye ubongo, hasa kwa wanawake vijana. Mmea wa efedra, ambao ni wa asili kweli na haukuchanganywa na kitu, ulipigwa marufuku huko mwaka 2004 usiuzwe kama kirutubisho, kwa sababu ya moyo na presha. Nautaja makusudi, kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba kikishaota shambani hakidhuru.

Sasa rudini kwa mteja wangu. Ananiambia chai yake "inafanya kazi". Njaa imekata tangu siku ya pili. Mdomo umekauka, usingizi haupatikani, choo kigumu, moyo unadunda akipanda ngazi. Aliyemuuzia amemtuliza kwamba hizo ni sumu zinatoka mwilini. Mimi nikimsikiliza nasikia orodha ya madhara ya sibutramini, moja baada ya jingine. Nikimfunga mashine, namba aliyokuwa nayo mwezi uliopita imepanda, wakati dawa zake hajaacha hata siku moja. Kliniki watamwongezea kidonge cha pili. Hawatamuuliza kuhusu chai, naye hataitaja, kwa kuwa hajui kama chai ni dawa.

Sisemi kila kipaketi kina sibutramini. Nasema mimi siwezi kujua, mteja hawezi kujua, na orodha ya bidhaa zilizopimwa ambayo ningeifungua kwenye simu nikamwonyesha, sijapata kuiona. Na uwezo upo. Mwaka 2018 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika ambayo Shirika la Afya Duniani liliipa daraja la tatu kati ya manne katika udhibiti wa dawa. Maabara na wataalamu tunao. Ninachoomba ni maofisa waingie mitaani kama wanunuzi wa kawaida, Kariakoo, stendi za mabasi, kurasa za Instagram, wanunue kile kinachouzwa kwa jina la kupunguza mwili, wapime vitu vichache tu vinavyojulikana: sibutramini, efedrini ya ule mmea wa efedra, fenolftaleini ya kuharisha, furosemidi. Halafu majina na picha za vifungashio viwekwe hadharani, kwa Kiswahili, viwe vimefaulu au vimefeli. TMDA ipime hata kama bidhaa imeandikwa chai. TBS iipelekee TMDA inapotilia shaka. Baraza lifute kibali cha anayechanganya. Na ofisi moja ipewe ufunguo, ijulikane kwa wananchi kwamba bidhaa ya kupunguza mwili mlango wake ni huu. Mimi ningependa iwe TMDA, kwa kuwa kinachotafutwa ndani ya kipaketi ni dawa iliyofichwa. Lakini mkikubaliana vinginevyo, sawa, ilimradi mlango uwe mmoja.

Nimetaja furosemidi, yaani Lasix, dawa ya kukojoza. Hiyo haihitaji hata kufichwa. Wapo wanaokuja kuiomba kwa jina, hasa kuelekea harusi. Kilo mbili zinatoka kwa siku chache, na zote ni maji. Akiwa tayari anameza dawa ya presha ya kukojoza, potasiamu yake inashuka, misuli ya miguu inamkakamaa usiku, na moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Chai nyingi za kukata tumbo zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha, na hiyo nayo ikitumiwa wiki kwa wiki hufikia palepale kwa njia ya chooni. Na upande wa pili wa barabara kuna biashara ya kunenepesha, ambapo watu humezeshwa deksamethasoni wajaze mwili. Hiyo nayo hupandisha presha na sukari. Nchi hii ina dawa ya kupunguza na ya kuongeza, na zote mbili zinaishia kwenye mashine yangu.

Niseme sasa kuhusu sindano, kwa kuwa ndizo zinazotajwa kila mahali. Semaglutaidi, ambayo wengi wanaijua kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tazepataidi. Hapa sitaki kuwa mchoyo wa ukweli: hizi ni dawa nzuri kwa anayezihitaji. Katika jaribio kubwa la semaglutaidi kwa watu wenye unene uliozidi, waliochomwa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, na namba ya juu ya presha ikashuka kwa takriban pointi 6, huku waliopewa sindano isiyo na dawa wakishuka pointi 1. Mwaka 2023 jaribio jingine la watu 17,604 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa lilionyesha kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo vya moyo vimepungua kwa asilimia 20. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani likaziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa watu wazima wenye kisukari aina ya pili pamoja na ugonjwa wa moyo au figo na unene.

Kwa hiyo hatari yake ni kinyume cha ile ya chai. Mgonjwa anayemeza vidonge vitatu vya presha vilivyopangwa akiwa na kilo 110, akishuka hadi 95, vidonge vile vinakuwa vingi. Akisimama ghafla anaona giza. Miezi ya mwanzo sindano huwatapisha wengine na kuwaharisha, na aliyeishiwa maji huku anaendelea na dawa ya kukojoza na losatani anaweza kuumiza figo. Mapigo ya moyo nayo hupanda kidogo. Yote haya yanadhibitika kirahisi na daktari anayempima mara kwa mara na kupunguza dozi. Hayadhibitiki kwa mtu aliyeletewa kalamu ya sindano ndani ya begi la msafiri, bila barafu, wakati kalamu ambayo haijaanza kutumika inatakiwa ikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Na bandia zipo: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu semaglutaidi bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa zilipenya huko, sioni kitakachozizuia uwanja wetu wa ndege.

Wengi hawana fedha ya sindano. Wao wanabadilisha mlo, na hapo ndipo penye watu wengi zaidi na ushauri mchache zaidi.

Mtindo ulioshika kasi ni wa kuacha wanga: ugali, wali, chapati, viazi vyote vinatoka mezani. Wiki za mwanzo uzito unaporomoka na presha inashuka kweli. Sababu yake inaeleweka. Insulini ikipungua, figo huachia chumvi na maji mengi. Mtu anapima, anakuta 118 juu ya 76, anashangilia, na siku hiyohiyo anaweka vidonge kabatini. "Dada, mimi nimepona." Wengine hawaachi vidonge, na hao ndio wanaoanguka bafuni. Wote wawili walihitaji mtu wa kuwapangia upya dozi, na hawakumpata. Tena kuna dawa ambazo hazikubali kuachwa ghafla: atenolol ikikatwa siku moja moyo hurudi kwa kishindo, na presha inaweza kupanda kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi akiacha wanga bila kuambiwa, sukari inaweza kumshuka mpaka azimie.

Na mahali pa ugali pamekaliwa na nini? Nyama choma, na chumvi kando ya sahani kwenye kijilima chake. Supu asubuhi, iliyokolezwa kwa vidonge vya mchuzi. Dagaa wa chumvi, papa mkavu, soseji. Uzito unashuka, chumvi inapanda, na baada ya miezi presha inarudi huku mwenyewe akiapa kwamba amefanya kila alichoambiwa. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ndani imo pia ile ya kwenye mkate, chapati na vidonge vya mchuzi.

Ushahidi wa chakula haukosekani. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la mlo wenye matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa, kunde na maziwa yasiyo na mafuta mengi, uzito ukiachwa palepale makusudi. Kwa waliokuwa na presha, namba ya juu ilishuka kwa pointi 11 kuliko kwa waliokula kama kawaida, ndani ya wiki nane. Hawakupungua kilo, hawakumeza kidonge. Ukiuangalia mlo ule kwa macho ya huku, ni dona, maharage, mchicha, matembele, ndizi, parachichi, mtindi. Vitu vya soko la Mawenzi. Mgonjwa wa presha Morogoro hahitaji unga wa detoksi. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba matembele aliyoyadharau yana potasiamu, na kwamba asiyaharibu kwa vijiko viwili vya chumvi.

Mtu huyo ni afisa lishe, na yupo. Halmashauri zina maofisa lishe. Kazi yao imeelekezwa zaidi kwa watoto na wajawazito, na sipingi, udumavu ni janga. Lakini mgonjwa wa presha kliniki anaambiwa "punguza chumvi na mafuta, fanya mazoezi", sentensi moja, foleni inasogea. Naomba siku ya kliniki ya presha afisa lishe awepo, hata siku moja kwa mwezi, na mzani uwe pembeni ya mashine ya presha, namba mbili ziandikwe kwenye mstari mmoja wa daftari la mgonjwa. Na mwongozo wa tiba uweke kiwango: mgonjwa akipungua asilimia fulani ya uzito, iwe kwa mlo, sindano au hata kwa chai, dozi yake ipitiwe upya kabla hajapewa dawa za mwezi unaofuata. Kiwango wapange madaktari bingwa. Na muuguzi aagizwe kuuliza kila mara, kwa lugha ya kawaida: "Unatumia kitu chochote cha kupunguza mwili?" Asiishie kuuliza kuhusu "dawa nyingine", maana ataambiwa hakuna.

Kwa TBS nina neno la ziada kuhusu chumvi. Kwa miongo kadhaa tumewaambia wananchi watumie chumvi yenye madini joto, na wamesikia. Sasa wapo wanaodhani kupunguza chumvi ni kukosa madini joto, na wapo wanaokimbilia chumvi za rangi za bei kubwa ambazo huenda hazina madini hayo kabisa. Vyote viwili vinaweza kusemwa kwenye mfuko mmoja: ileile yenye madini joto, lakini kidogo. Aidha, Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa chumvi mbadala, ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Nchini China, kwenye vijiji 600, ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Ikiingia kwetu iwe na onyo linalosomeka kwa wenye ugonjwa wa figo na wanaotumia spironolaktoni au losatani, kwa kuwa kwao potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Onyo la herufi ndogo za Kiingereza chini ya mfuko halitamfikia bibi wa Kilosa.

Kuhusu matangazo nitasema kwa ufupi, maana sheria ipo: dawa haitangazwi bila kibali. Anayesema kwenye redio kwamba kinywaji chake kinashusha presha na kuondoa kitambi kwa siku saba ametangaza dawa. Kituo kilichompa muda kiulizwe kibali kiko wapi, kabla ya yeye kuulizwa.

Sijawaandikia ili biashara za watu zifungwe. Wapo wakulima wa rozela wanaouza maua yao kwa uaminifu, na chai ya rozela imeonyesha kwenye tafiti kwamba hushusha presha kwa pointi chache. Ningependa hata hiyo iandikwe kwenye kifungashio, pamoja na tahadhari kwa anayemeza vidonge tayari. Mwaminifu hatapata hasara bidhaa yake ikipimwa.

Baadhi ya wateja huniachia vipaketi vyao baada ya mazungumzo. Nimevihifadhi kwenye bahasha, kila kimoja na tarehe niliyokipokea, mahali kiliponunuliwa kama mteja alikumbuka, na presha aliyokuwa nayo siku hiyo, bila jina lake. Mkaguzi wa ofisi yoyote kati ya zenu atakayepita Morogoro na kitambulisho chake nitamkabidhi dhidi ya saini. Ningeomba tu kwamba majibu ya maabara yarudi hadi kaunta, ili nami nipate la kumwambia mteja anayefuata.

Wenu katika utumishi,
Mteknolojia wa dawa, Morogoro